Chezesha Midomo Tu

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Naanza na jambo lenyewe kabla ya shikamoo, kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitasalimu mpaka ukurasa uishe na jambo libaki kooni.

Nimekuwa kwenye kwaya ya kanisa kwa miaka minne na sijawahi kuimba. Nachezesha midomo. Navaa joho, nasimama mstari wa pili, nafungua kinywa wenzangu wakifungua na kufumba wakifumba, na sauti haijatoka hata siku moja. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza, na nimekuchagua kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni ukisoma.

Sasa, shikamoo Mjomba. Sisi hatujambo. Baba alirudi juzi na lori lake na mafua ambayo anasema si mafua. Mama mzima, anashona sare za shule mchana kutwa. Pasi uliyotuma imefika na Mama anashukuru. Mimi tangu nimalize shule nimepata kazi kwenye duka la kutoa nakala. Kutwa nasimama kando ya mashine. Inanifaa, maana mashine haiulizi mbona uko kimya.

Huko dukani ndiko mambo yalikoanzia. Wiki iliyopita mwalimu wa darasa letu la kipaimara alileta karatasi ya somo, nakala thelathini. Ni mkunga mstaafu na tunamwita Bi Pole, kwa sababu hana upole hata wa dawa. Mashine ilipokuwa inatoa karatasi nikaanza kusoma, na nikaisoma mara thelathini, kila nakala mara moja. Inasema mtu haokolewi kwa wema wake, wala kwa kujitahidi, wala kwa wema uliochanganywa na imani kidogo. Ni kwa imani peke yake, na wokovu ni zawadi. Mjomba, nilitaka kutoka nje nikimbie barabarani. Unajua mimi ni mtu wa kujitahidi. Kila Jumamosi nafagia kanisa, napanga viti, nafuta vumbi kwenye vitabu, yote ili Mungu akitazama aone sakafu na asione midomo. Na karatasi inasema sakafu haiokoi mtu. Nilifurahi kwa muda wa dakika kumi hivi.

Kisha nikaingiwa na hofu. Ikiwa ni imani peke yake, je, kama imani yangu nayo ni ya midomo? Bi Pole aliposema wanaoamini wasimame, nilisimama kwa sababu jirani yangu alisimama. Wema angalau unaonekana. Imani nitaiona wapi ili nijue ninayo?

Tarehe 30 Juni ndiyo kipaimara. Nimekwisha kiahirisha mara mbili. Siku hiyo kila mmoja wetu atasimama mbele ya kanisa zima na kusema sentensi moja kuhusu imani yake, ya kwake mwenyewe, si ya kukariri. Sitaki kusimama pale nichezeshe midomo mbele ya Mungu. Siku ikifika sina la kweli la kusema, nitajitoa, na safari hii sitarudi tena.

Nakuuliza wewe kwa sababu nyumbani kuna picha yako umeshika fimbo ya kuongozea kwaya. Nikimuuliza Mama, anasema, "Alikuwa kiongozi wetu," halafu anauliza mkasi uko wapi.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu Mnong'ono,

Marahaba. Nakuita hivyo kwa sababu siku ile nilipopita hapo, ukiwa darasa la tatu, ulininong'oneza salamu ukiwa nyuma ya pazia, nami nikalijibu pazia. Mwambie baba yako kwamba mafua ni mafua. Mimi mzima, isipokuwa bega la kulia.

Kuhusu imani umekosea mlango. Sijaingia kanisani siku nyingi, na habari za kwaya niliziacha. Mimi ni fundi wa lifti. Nikueleze ninachokijua.

Jengo ninalolihudumia lina ghorofa kumi na tisa. Kila asubuhi kuna mama wa ghorofa ya kumi na nne ambaye huingia kwenye lifti amefumba macho, amekumbatia mkoba, anatetemeka. Nyuma yake huingia mwenzake wa ofisi hiyo hiyo, anapiga mluzi na kujitengeneza tai kwenye kioo. Wote wawili hufika kumi na nne, dakika ile ile. Kamba za chuma zilizo juu hazimuulizi mtu anaamini kiasi gani. Kuna mzee mmoja, yeye husimama nje ya mlango na kujipima kama leo ana ujasiri wa kutosha. Huyo ndiye asiyefika. Tena ujasiri anao kuliko yule mama, ila hajaingia.

Basi usijipime sana. Hayo ni maneno ya fundi, usiyapeleke mbali.

Na mimi nina swali moja. Nani alikufundisha kuchezesha midomo?

Nimemtumia mama yako birika la umeme. Litakuja na basi la Ijumaa.

Mjomba wako

9 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye mashine, na nikamtolea mteja nakala themanini za cheti cha kuzaliwa, naye alitaka nane. Mwenye duka akaja, akatazama rundo, akasema, "Huyu amezaliwa mara ngapi?" Siku nyingine ningetamani sakafu inimeze. Siku hiyo nilicheka, naye alishangaa, maana hajawahi kuniona meno.

Nimekuwa nikitembea na lile neno lako la lifti siku nane. Nikiwa njiani, nikiosha vyombo, nikimshikia Mama upindo wa nguo, naona yule mama na mkoba wake. Kumbe nilikuwa natazama upande usio sahihi. Nilikuwa najitazama mimi, natafuta imani yangu ina unene gani, wakati swali ni kamba. Mjomba, mbona hukuniambia haya nikiwa darasa la tatu, badala ya kuzungumza na pazia?

Nikapata nguvu ya kuuliza darasani. Yaani, niliandika swali kwenye karatasi bila jina na kulitupia mezani kabla watu hawajafika. Bi Pole akalisoma kwa sauti: "Kama mtu ameamini kidogo tu, itakuwaje?" Akaigeuza karatasi, akasema, "Mwandiko huu ni wa yule binti aliyejificha nyuma ya nguzo. Nguzo ni nyembamba, mwanangu, tunakuona." Watu wakaangua kicheko. Kisha akavua miwani na kusema, "Nimezalisha nusu ya watoto wa mji huu. Sijaona hata mmoja aliyezaliwa kwa juhudi zake. Wengine walitoka wananguruma, wengine wamelegea kama kitambaa, na wote wamezaliwa sawasawa."

Kuna seremala mmoja darasani, mtu mzima, mtani sana. Akadakia, "Basi, Bi Pole, kama juhudi hazihitajiki mimi Jumapili nitalala."

"Wewe umekwisha zaliwa?" akamuuliza.

"Ninavyojiona, ndiyo."

"Mtoto akishazaliwa analia, ananyonya, anapiga mateke. Hafanyi hivyo ili azaliwe. Anafanya kwa sababu yuko hai. Ukiona analala tu, hanyonyi wala halii, sisi wakunga huwa tunaingiwa na wasiwasi."

Seremala akasema atakuja Jumapili, ila atapiga mateke.

Umeniuliza nani alinifundisha. Ni Mama. Nilipoingia kwaya alikuwa ananipunguzia joho, ana pini mdomoni, akasema, "Sauti ya kwetu haikai. Ukiona inakuponyoka, chezesha midomo tu na utabasamu kidogo, hakuna atakayejua." Aliyasema kama mtu anayekupa habari za mvua.

Birika limefika. Ni la tatu sasa, Mjomba, na chai yetu ni ile ile sufuria moja.

Mnong'ono

11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Miezi miwili sasa hujaniandikia. Nimekukosea? Kama ni ule utani wa birika, nisamehe, sikujua kama ni jambo la kuuma.

Baba yuko safarini na Mama mzima. Wiki iliyopita limefika sanduku kutoka kwako, ubavuni limechorwa feni ya mezani, wala hakuna hata mstari mmoja wa barua. Mama alisoma jina lako juu ya sanduku, akalishika kidogo kama anavyoshika paji la uso la mtu mwenye homa, kisha akalipandisha juu ya kabati. Leo nilipanda kwenye kiti nikatazama. Mjomba, huko juu kuna masanduku kumi na manne. Mengine utepe wake umekuwa kahawia. Hajafungua hata moja. Pasi tunayotumia bado ni ile yenye waya uliofungwa kwa plasta.

Sikumuuliza kitu. Nakuuliza wewe.

Mpwa wako

20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hujanikosea. Barua yako ya Machi niliisomea chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, na nikakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimepigwa na umeme. Nimeanza kukujibu mara sita. Hii ni ya saba, na naituma kabla sijaisoma tena.

Mama yako alikuwa anaimba. Hilo nadhani hulijui. Aliimba akifua, akifagia, akisuka nywele za wenzake, kutwa nzima, na hakuna hata noti moja iliyokaa mahali pake. Sisi nyumbani tulizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Kisha likaja kanisa jipya, likawa linafunguliwa kwa wageni wengi, na mimi nikiwa na miaka ishirini na mitano nikapewa kwaya. Sikulala vizuri mwezi mzima. Katika zoezi la mwisho nilisimamisha wimbo, nikamnyooshea fimbo dada yangu mbele ya watu arobaini, nikasema, "Wewe chezesha midomo tu. Sauti yako inatuharibia." Watu wakacheka. Siku ya ufunguzi alisimama mstari wa mbele, akachezesha midomo tangu mwanzo hadi mwisho, anatabasamu.

Tangu siku ile sijamsikia akiimba. Hata akifua. Mwaka haukuisha, nikahama. Nilitoka kwaya, nikatoka kanisani, nikaja huku. Imekuwa miaka ishirini na mmoja. Kila nikituma sanduku nasema moyoni, labda hili ndilo. Kisha naona halikutosha, natafuta lingine. Nilipopita hapo kwenu nilikunywa chai nimesimama, nikaondoka baada ya saa mbili, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Na sasa unaniambia maneno yangu yamefika mpaka kinywani mwako. Yeye alidhani anakupa kinga.

Nimekuandikia habari za lifti kana kwamba mimi nimo ndani yake. Ukweli ni kwamba mimi ndiye ninayepanda ngazi, na sanduku mkononi.

Mjomba

2 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo. Keti kwanza. Kama uko kwenye chumba cha mashine, shuka.

Sikumwonyesha Mama barua yako. Ila Jumapili, akiwa anapima kitambaa, niliuliza, "Mama, kwa nini hufungui masanduku ya Mjomba?" Mimi, Mjomba, kwa sauti, na bila nguzo. Alikata kitambaa mpaka mwisho ndipo akajibu. Nakuandikia alivyosema, nimeyaandika usiku ule ule ili nisiyapoteze.

"Mjomba wako alinikemea siku moja, zamani, kwenye kwaya. Alikuwa anatetemeka kuliko sisi sote, fimbo ilikuwa inacheza mkononi. Nilikasirika siku tatu. Ya nne nikamhurumia. Alipohama nikamwandikia, nikamwambia yamekwisha, sina kitu moyoni, njoo tule. Unajua alinijibu nini? Pasi. Nikaandika tena. Akaleta mwavuli. Nikaandika mara ya tatu, akaleta birika. Nikaacha kuandika."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo umemkasirikia?"

"Nimkasirikie nini? Ila sifungui. Zingekuwa zawadi ningefungua siku ile ile, nani asiyetaka pasi mpya? Hizi ni kuniomba msamaha. Msamaha nilishampa. Nikizifungua atafikiri ndizo zilizouleta, na atatuma hadi azeeke."

"Alikataa basi?"

"Hakukataa. Hakuamini tu."

Mjomba, nilimwachia kitambaa. Nilikwenda chumbani nikatoa ile karatasi ya Bi Pole, na kila mstari ulikuwa unazungumza nami kama mtu niliyekuwa naye jana. Nilikuwa nimesoma kwamba wokovu ni zawadi na hatuongezi kitu juu yake, nikaelewa kama mtu anavyoelewa hesabu. Kumbe mfano wake upo juu ya kabati letu miaka yote, umefungwa utepe. Mama alimaliza siku ya nne. Masanduku kumi na manne hayakuongeza hata tone. Kilichobaki kilikuwa kwako, na hakikuwa kutuma.

Na mimi je? Sakafu ya kanisa ndiyo sanduku langu. Nimekuwa nikimfagilia Mungu tangu nina miaka kumi na minne ili asinyooshe fimbo.

Niliporudi nikamuuliza mwisho kwa nini basi hajaimba tena. Akatunga uzi kwenye sindano. Akasema, "Moyo ulisamehe upesi. Koo ndilo limeona aibu, na koo halina haraka."

Njoo, Mjomba. Njoo tarehe 30. Mama anasema njoo mikono mitupu, na ukija na hata kijiko atakurudisha kituoni.

Mnong'ono

14 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeomba ruhusa ya siku nne.

Barua zake tatu ninazo. Zimekuwa kwenye kisanduku cha vifaa, chini ya bisibisi, miaka yote hii. Ya kwanza niliisoma mara moja, nikasema, anasema hivyo kwa sababu ni mtu mwema. Zile mbili sikuzifungua, kwa kuogopa kwamba amebadili mawazo. Jana nimezifungua. Zinasema neno lile lile. Ya tatu ina mstari mmoja: "Kaka, mwavuli mzuri, lakini nilikuita wewe."

Juzi nilikuwa nimekwisha nunua redio. Nikairudisha dukani. Muuzaji akauliza ina kasoro gani. Nikamwambia redio haina kasoro.

Kusafiri bila mzigo ni kazi ngumu, hujui. Sijui mikono nitaiweka wapi. Nitafika Jumamosi tarehe 29 kwa basi la alasiri. Naogopa kuliko yule mama wa ghorofa ya kumi na nne.

Wewe je, utasema nini mbele ya watu?

Mjomba wako

21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Baba atakusubiri kituoni, amekwisha panga ratiba yake ya lori. Mafua yamepona, na sasa anakubali kwamba yalikuwa mafua.

Sitajitoa. Sentensi yangu nimekwisha mpelekea Bi Pole, maana anataka kuziona kabla. Ni fupi: "Naogopa, na nimeingia." Akasema, "Umeingia wapi?" Nikamweleza lifti. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nisiongeze hata neno, na kwamba angependa kukutana na fundi huyo amwulize mambo mawili matatu. Jiandae.

Jumamosi iliyopita sikwenda kufagia. Nilikaa nyumbani nikaona ikoje. Mbingu hazikuanguka. Kisha alasiri nikaona nataka kwenda, basi nikaenda, nikafagia mlangoni tu pale penye majani, na ilikuwa sakafu nyingine kabisa.

Na jana kwenye zoezi nilitoa sauti. Si nyingi. Yule dada aliye kushoto kwangu aligeuka, akatazama juu kama anayetafuta ndege aliyeingia dirishani, kisha akanitazama mimi. Akasogea nusu hatua kushoto. Lakini hakuniambia ninyamaze, na mimi nikaendelea hadi ubeti wa mwisho.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Baba. Leo asubuhi nilisahau funguo za duka, nikarudi nyumbani bila kubisha. Mama alikuwa peke yake. Ameshusha masanduku yote kumi na manne sakafuni, amefungua la kwanza kabisa, lile lenye utepe wa kahawia, na pasi yako ya miaka ishirini na mmoja imechomekwa ukutani na inafanya kazi. Alikuwa ananinyooshea joho langu. Na alikuwa anaimba, Mjomba. Polepole, kama mtu anayejaribu kiatu. Hakuna noti iliyokaa mahali pake hata moja, ni kweli ulivyosema. Nilisimama uani mpaka wimbo ukaisha, ndipo nikagonga mlango kwa nguvu kama mgeni. Akanyamaza mara moja. Nikamuuliza kuhusu masanduku. Akasema, "Anakuja mwenyewe. Sasa hizi ni pasi na birika tu."

Kwa hiyo nakuomba. Ukifika ukamkuta anaimba, usisimame mlangoni ukasikiliza, wala usilie, wala usimwambie kwamba nilikuandikia haya. Ingia tu, ukae, unywe chai. Akidhani hakuna aliyesikia ataendelea. Hili libaki kwako na kwangu, Mjomba, tafadhali, na barua hii uiache huko, chini ya bisibisi.

Mnong'ono